Kiolesura na Leseni kama Mlango Mmoja: Vikwazo vya Mwanagenzi katika Programu za Kutengenezea Muziki

Ikisiri

Makala hii inafafanua vikwazo viwili vinavyomkabili mwanagenzi wa programu za kutengenezea muziki kwenye kompyuta. Cha kwanza ni kiolesura, yaani sura ya programu ambayo mtumiaji huiona na kuiendesha. Cha pili ni leseni, yaani masharti yanayompa au kumnyima haki ya kuitumia programu hiyo. Kwa kawaida mambo haya hujadiliwa mbalimbali: kiolesura huachiwa wasanifu, na leseni huachiwa wanasheria na wafanyabiashara. Hoja kuu ya makala ni kwamba kwa anayeanza, mambo haya mawili ni mlango mmoja, kwa kuwa yote huamua jambo lilelile: iwapo ataweza kuirudia kazi yake, kuisikiliza upya na kuirekebisha. Ufafanuzi unatumia mifano ya programu zinazofahamika, zikiwamo FL Studio, Ableton Live, Pro Tools, Cakewalk, Reaper na LMMS, na unahusishwa na mazingira ya watengenezaji muziki wa Afrika Mashariki.

Maneno muhimu: kiolesura, leseni, mwanagenzi, programu za muziki, toleo la majaribio

1.0 Utangulizi

Kurekodi wimbo kulihitaji, kwa sehemu kubwa ya karne ya 20, chumba maalumu, mashine ya tepu, meza ya kuchanganyia sauti na fundi aliyezijua. Leo kazi hizo zote zinaweza kufanywa ndani ya kompyuta moja. Mabadiliko hayo hayakuja siku moja. Mwaka 1983 viwanda vya ala za kielektroniki vilikubaliana juu ya MIDI, lugha ya pamoja inayowezesha ala na kompyuta kuwasiliana. Mwaka 1997 kampuni ya Image-Line ya Ubelgiji ilitoa FruityLoops, ambayo baadaye iliitwa FL Studio. Mwaka 2004 Apple ilitoa GarageBand kwa ajili ya watu ambao hawajawahi kuingia studio. Kwa njia hiyo, kijana mwenye kompyuta ya mkononi na spika mbili aliweza kuanza kutengeneza midundo chumbani kwake.

Afrika Mashariki ni ushahidi wa nguvu ya mabadiliko haya. Muziki wa singeli wa Dar es Salaam, wenye mwendo unaoweza kuzidi mapigo 200 kwa dakika, umekulia katika studio ndogo za mitaani zinazotegemea kompyuta. Mkusanyo uitwao Sounds of Sisso, uliotolewa mwaka 2017 na Nyege Nyege Tapes ya Kampala, uliutambulisha muziki huo kwa wasikilizaji wa mbali.

Hata hivyo, kushuka kwa gharama ya vifaa hakukuuondoa ugumu wa kuanza, kumeuhamisha tu. Ugumu ambao zamani ulikaa kwenye mlango wa studio sasa umo ndani ya skrini. Ili kuuelewa, ni muhimu kukumbuka jinsi ufundi wa muziki unavyopatikana. Prodyuza hujifunza kwa kurudia. Huunda mdundo leo, huusikiliza kesho kwa masikio yaliyopumzika, hugundua kwamba besi imezidi au ngoma imechelewa, kisha hurekebisha. Kazi isiyoweza kurudiwa haifundishi. Kwa sababu hiyo, swali linaloongoza makala hii ni moja: je, programu humsaidia mwanagenzi kuirudia kazi yake, au humzuia?

2.0 Skrini iliyorithi studio

Programu nyingi za muziki zina sura ya vifaa vilivyozitangulia. Vitufe vya kucheza, kusimamisha na kurekodi vimetoka kwenye mashine ya tepu. Safu ya vidhibiti vya kupandisha na kushusha sauti imetoka kwenye meza ya kuchanganyia. Dirisha la kuandikia noti, lenye picha ya kinanda ubavuni, limefuata karatasi zilizotobolewa matundu ambazo ziliendesha piano za kujipiga zenyewe. Mstari wa visanduku 16 vya kupangia mdundo unafanana na vitufe 16 vya mashine ya ngoma ya Roland TR-808, iliyotoka mwaka 1980. Programu ya Reason, iliyotolewa mwaka 2000 na kampuni ya Propellerhead ya Uswidi, ilikwenda mbali zaidi: ilichora kabati lenye mitambo, na mtumiaji alipoligeuza aliona nyuma yake nyaya zinazoning'inia, tayari kuchomolewa na kuchomekwa.

Urithi huu una mantiki. Fundi aliyehama kutoka studio ya kawaida alikuta kila kitu mahali alipokitarajia. Donald Norman, katika kitabu chake kilichotoka mwaka 1988 kuhusu usanifu wa vitu vya kila siku, alieleza kwamba kitu kilichosanifiwa vizuri humdokezea mtumiaji namna ya kukitumia. Mpini wa mlango hudokeza kuvutwa, na bamba bapa hudokeza kusukumwa. Picha ya meza ya kuchanganyia humdokezea mambo mengi mtu aliyewahi kuigusa meza hiyo.

Tatizo ni kwamba mwanagenzi wa leo mara nyingi hajawahi kuigusa. Kwake, picha hiyo ni nakala ya kitu ambacho asili yake haijui. Anaona kitufe cha duara na kukizungusha kwa kipanya kama jicho lake linavyomwambia, ilhali programu nyingi zinamtaka akivute juu au chini. Hivyo basi, ishara zilizokusudiwa kurahisisha zinageuka kuwa lugha ya kigeni inayohitaji kujifunzwa kabla ya muziki wenyewe.

3.0 Vikwazo vya kiolesura

3.1 Kupotea kati ya madirisha

Kikwazo cha kwanza ni kutojua sauti inatoka wapi. Katika FL Studio, mtumiaji huunda vipande vifupi vya mdundo, kisha huvipanga kwenye dirisha lingine ili viwe wimbo. Kuna swichi ndogo inayoamua iwapo kitufe cha kucheza kitapiga kipande kimoja au wimbo mzima. Asiyeijua swichi hiyo anaweza kupanga wimbo wa dakika tatu, akabonyeza kucheza, na kusikia kipande kilekile kikijirudia bila mwisho. Hakuna kilichoharibika, programu inatii amri ambayo mtumiaji hajui kwamba ameitoa.

Ableton Live, iliyotolewa mara ya kwanza mwaka 2001 mjini Berlin, ina mfano wa namna hiyohiyo. Programu hii ina sura mbili: moja ya kuchezea vipande papo kwa papo, na nyingine ya kuupanga wimbo kutoka mwanzo hadi mwisho. Kipande kikichezwa katika sura ya kwanza, traki yake katika sura ya pili hufifia rangi na kunyamaza mpaka kitufe maalumu cha kurudi kwenye mpangilio kibonyezwe. Kwa mzoefu, huo ni utaratibu mzuri wa kujaribu mawazo bila kuuvuruga wimbo. Kwa mwanagenzi, kazi yake imefifia na haisikiki, na neno linaloeleza sababu halipo mbele ya macho yake.

3.2 Uchelewaji wa sauti

Kikwazo cha pili hakionekani kabisa. Kompyuta haitoi sauti sampuli mojamoja. Huzikusanya katika mafungu kwanza. Kwa kasi ya kawaida ya sampuli 44,100 kwa sekunde, fungu la sampuli 256 huchukua takribani milisekunde 6, na fungu la sampuli 2,048 huchukua takribani milisekunde 46. Fungu likiwa kubwa, mpigaji hubonyeza kinanda na kuisikia noti baadaye kidogo, kiasi cha kumtoa kwenye mwendo. Likiwa dogo kupita uwezo wa kompyuta, sauti hukwaruza na kukatika.

Suluhisho lipo kwenye menyu ya mipangilio ya kifaa cha sauti, mahali palipojaa vifupisho na tarakimu. Mwanagenzi asiyejua chanzo cha tatizo huhitimisha mambo mawili yasiyo sahihi: kwamba kompyuta yake haifai, au kwamba yeye mwenyewe hana mkono wa muziki. Hitimisho la pili ndilo lenye madhara makubwa zaidi, kwani mtu aliyejihukumu hivyo hatafuti tena menyu.

3.3 Mdundo unaodhaniwa kuwa wa kawaida

Kikwazo cha tatu ni cha kiutamaduni. Programu hufunguka ikiwa na mipangilio chaguo-msingi: mwendo wa nne kwa nne na visanduku 16 vilivyogawanywa manne manne. Mpangilio huu unaufaa muziki wa dansi wa Ulaya na Marekani pamoja na hiphop. Lakini chakacha ya pwani ya Afrika Mashariki hufuata mwendo wa sita kwa nane, na ngoma nyingi za eneo hili hujengwa juu ya mapigo 12. Anayetaka kuuandika mdundo wa namna hiyo kwenye visanduku 16 hubaki na visanduku vinne vya ziada, na mzunguko wake unapwaya kila unapoanza upya.

Programu zina uwezo wa kubadilisha urefu na mgawanyo huo. Hata hivyo, kubadilisha kunahitaji kwanza kujua kwamba kilichopo ni chaguo tu, si kanuni. Asiyejua hudhani kwamba mdundo aliokua akiusikia kwenye harusi ndio uliokosea. Kwa namna hii, chaguo-msingi hufundisha muziki kimyakimya, na hufundisha muziki wa mahali fulani.

4.0 Aina za leseni na zinachokizuia

Vikwazo vilivyoelezwa hapo juu hupungua kadiri mtumiaji anavyozoea. Mazoea yanahitaji muda, na muda huo hutawaliwa na leseni. Leseni za programu za muziki zinaweza kugawanywa kulingana na kile zinachokizuia.

Aina ya kwanza huzuia muda. Ableton Live hutoa majaribio ya siku 30 yenye uwezo kamili. Mwenye nafasi ya kukaa kwenye kompyuta kila siku hujifunza mengi katika kipindi hicho. Anayeazima kompyuta ya ndugu yake mwishoni mwa juma hupata takribani siku nane.

Aina ya pili huzuia uwezo. Toleo dogo la Live, ambalo hutolewa pamoja na vinanda na vifaa vingi vya kurekodia, lina kikomo cha traki nane. Kwa miaka mingi toleo la bei ya chini la FL Studio lilikuwa halirekodi sauti kutoka kwenye maikrofoni. Mnunuzi aliyelenga kurekodi waimbaji alilazimika kulijua jambo hilo kabla ya kulipa, na majina ya matoleo pekee hayakutosha kumwambia.

Aina ya tatu huzuia idadi ya kazi. Pro Tools First, toleo la bure lililotangazwa na kampuni ya Avid mwaka 2015, lilikuja na nafasi ya miradi mitatu tu iliyohifadhiwa mtandaoni. Aliyetaka kuanza wa nne alipaswa kuchagua ni upi kati ya mitatu ya awali autoe.

Aina ya nne hufunga programu kwenye kifaa. Kwa muda mrefu Cubase ilihitaji kifunguo kidogo kilichochomekwa kwenye tundu la USB. Kifunguo kikipotea, programu iliyolipiwa haikufunguka. Steinberg iliachana na utaratibu huo mwaka 2022 ilipotoa Cubase 12. Aina ya tano hutegemea malipo ya kila mwezi au mwaka, ambapo haki ya kutumia huisha malipo yanapokoma. Kwamba watumiaji wana la kusema katika hili ilionekana Machi 2023, wakati kampuni ya Waves ilipotangaza kuacha kuuza leseni za kudumu na kubaki na malipo ya vipindi pekee. Malalamiko yalikuwa makubwa kiasi kwamba kampuni iliubatilisha uamuzi huo ndani ya siku chache.

Hata neno "maisha" katika leseni linahitaji kusomwa kwa uangalifu. Mwaka 2016 Cakewalk iliuza haki ya kupata masasisho ya maisha kwa programu yake ya SONAR. Novemba 2017 mmiliki wake, kampuni ya Gibson, alitangaza kusitisha uendelezaji wa programu hizo. BandLab iliinunua mali hiyo mwaka 2018 na kuitoa programu bure, lakini ilihitaji kuthibitishwa upya kupitia intaneti kila baada ya muda. Maisha yaliyoahidiwa yalikuwa ya bidhaa, si ya mnunuzi.

5.0 Leseni inapokuwa sehemu ya kiolesura

Mfano unaodhihirisha hoja ya makala hii kuliko mingine ni toleo la majaribio la FL Studio. Toleo hilo lina ukarimu wa kweli: halina kikomo cha siku, na humruhusu mtumiaji kuutoa wimbo wake kama faili la kusikiliza. Kitufe cha kuhifadhi mradi nacho kipo na kinafanya kazi. Kisichowezekana ni kuufungua tena mradi uliohifadhiwa na kuendelea kuufanyia kazi, mpaka leseni inunuliwe. Faili halipotei, linasubiri malipo.

Kwa mtazamo wa biashara, mpaka huu umewekwa mahali penye busara. Mtu hujaribu kila kitu, kisha hulipa anapokuwa na kazi anayoithamini. Kwa mtazamo wa kujifunza, mpaka huohuo umepita katikati ya tendo linalomfundisha prodyuza. Mwanagenzi anaweza kuanza mara mia moja, lakini hawezi kurudi hata mara moja. Anajifunza kutengeneza mianzo ya nyimbo: mdundo wa sekunde kumi na tano, uliokamilishwa kabla umeme haujakatika au kabla mwenye kompyuta hajaihitaji. Stadi za kupanga wimbo mzima, kusawazisha sauti na kupunguza kilichozidi, ambazo huhitaji siku kadhaa juu ya kazi moja, zinabaki nje ya uwezo wake.

Hapa pia ndipo leseni inapogeuka kuwa suala la usanifu. Katika programu nyingine zote ambazo kijana amewahi kuzitumia, kuhifadhi maana yake ni kuweza kurudi. Kitufe kinachohifadhi bila kuruhusu kurudi kimevunja ahadi ya ishara yake. Maelezo yapo kwenye tovuti na kwenye mwongozo, lakini kikwazo hukutwa siku ya pili, wakati kazi tayari imeshafanyika.

Reaper, programu ya kampuni ya Cockos, inaonesha kwamba mpaka unaweza kuwekwa mahali pengine. Majaribio yake ni ya siku 60 yenye uwezo wote. Baada ya hapo programu huendelea kufunguka, ikimkumbusha mtumiaji kila anapoianzisha kwamba anadaiwa. Leseni ya bei nafuu ni dola 60 za Marekani. Hapa leseni huzungumza na dhamiri na kuiacha kazi wazi. Hata hivyo, kiolesura cha Reaper kina menyu nyingi, na programu haiji na hazina kubwa ya ala na midundo kama washindani wake. LMMS, programu huria isiyo na gharama, huondoa kikwazo cha leseni kabisa, lakini kwa muda mrefu haikuwa na uwezo wa kurekodi sauti moja kwa moja. Kwa hiyo mwanagenzi hachagui kati ya programu nzuri na mbaya; huchagua ni wapi atakwama.

6.0 Mazingira ya Afrika Mashariki

Katika Afrika Mashariki vikwazo hivi huongezewa uzito na mambo mawili. La kwanza ni malipo. Bei hutajwa kwa dola au yuro, na mauzo mengi hutegemea kadi za benki. Ilhali tangu M-Pesa ianze Kenya mwaka 2007 na Tanzania mwaka 2008, fedha za vijana wengi hukaa kwenye simu. Zipo njia za kuunganisha simu na kadi ya mtandaoni, lakini kila njia ni hatua nyingine kati ya nia na ununuzi. La pili ni intaneti. Leseni inayothibitishwa mtandaoni na maktaba za sauti zenye ukubwa wa gigabaiti nyingi hudhani kwamba mtandao upo daima, wakati mtumiaji hununua bando kwa siku au kwa juma.

Matokeo yake yanafahamika mitaani: nakala zilizokrakiwa hupita kutoka flashi moja hadi nyingine. Jambo hili si la kuhalalishwa. Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya Tanzania ya mwaka 1999, iliyoanzisha COSOTA, hulinda programu za kompyuta kama inavyolinda nyimbo, na sheria ya Kenya ya mwaka 2001 hufanya vivyo hivyo. Msanii anayelalamika kwamba wimbo wake unasambazwa bila malipo huku mdundo wake umetengenezwa kwa nakala ya wizi amesimama pande zote mbili za malalamiko. Aidha, nakala hizo huweza kubeba virusi, hazipati masasisho, na miradi yake inaweza kukataa kufunguka katika studio nyingine.

Pamoja na hayo, kulieleza jambo hili kama upungufu wa maadili pekee ni kulieleza nusu. Nakala iliyokrakiwa humpa mwanagenzi kile ambacho toleo halali la majaribio lilimnyima, yaani kuifungua kazi yake kesho yake. Mahali ambapo mpaka wa leseni umekata kujifunza, wizi hujitokeza kama mwalimu mwenye masharti nafuu.

7.0 Mambo ya kuzingatia

Kutokana na ufafanuzi huu, mwanagenzi au mwalimu wake anaweza kuipima programu kwa maswali manne kabla ya kuizoea. Je, mradi uliohifadhiwa leo utafunguka kesho bila malipo mapya? Je, programu itaendelea kufanya kazi bila intaneti, na kwa muda gani? Je, toleo linalonunuliwa linarekodi sauti ya maikrofoni, na lina traki ngapi? Je, kazi inaweza kutolewa katika mafaili yanayosomwa na programu nyingine?

Swali la nne ndilo lenye kinga kubwa. Kila traki ikitolewa kivyake kama faili la WAV, na noti zikitolewa kama faili la MIDI, kazi huweza kuhamia popote hata kampuni ikifungwa au leseni ikiisha. Desturi hii inafaa kufundishwa katika somo la kwanza, pamoja na namna ya kubadilisha mwendo wa mdundo na namna ya kupunguza uchelewaji wa sauti.

Kwa wasanifu, funzo ni kwamba mpaka wa leseni uoneshwe pale unapogusa kazi. Kitufe cha kuhifadhi kinaweza kueleza, kabla ya kubonyezwa, kwamba mradi hautafunguka tena katika toleo hilo. Mpaka pia unaweza kuhamishwa: kuuacha mradi mmoja ufunguke bila kikomo kungemwezesha mwanagenzi kumaliza wimbo mmoja, na aliyemaliza wimbo ana sababu ya kununua kuliko aliyeishia kwenye mianzo.

8.0 Hitimisho

Makala hii imefafanua kwamba kiolesura na leseni humkabili mwanagenzi kwa pamoja. Kiolesura kilichorithi studio humtaka ajue vifaa asivyoviona, na leseni huamua kama atapata muda wa kuvijua. Pale vyote viwili vinapomruhusu kuirudia kazi yake, ugumu wa mwanzo huwa sehemu ya kawaida ya kujifunza ufundi wowote. Pale kimojawapo kinapomzuia, hubaki akianza upya kila siku, na kipaji chake hupimwa kwa mianzo. Thamani ya programu kwa anayeanza, basi, haipo katika wingi wa ala zake wala uzuri wa picha zake, bali katika kumwezesha kuifungua kesho kazi aliyoianza leo.